Vyuo Vitatu vya Bonde la Ruhr: Kushirikiana Bila Kuungana

Julai 1961 bunge la jimbo la Nordrhein-Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, lilipiga kura kuamua chuo kikuu kipya cha Bonde la Ruhr kijengwe wapi. Dortmund ilikuwa imekidai chuo hicho kwa miaka mingi, na wakubwa wake waliamini haki iko upande wao. Kura ikaenda Bochum, mji jirani. Anayetaka kuelewa ushirikiano wa vyuo vikuu vitatu vya eneo lile leo, yaani Bochum, Dortmund na Duisburg-Essen, na aanzie hapo, kwenye ugomvi wa majirani. Maelezo rasmi huanzia mwaka 2007, mikataba ilipotiwa saini, na ndiyo maana husomeka kana kwamba wakuu wa vyuo waliketi siku moja wakapendana. Haikuwa hivyo.

Mimi ni mtaalamu wa mipango miji na mikoa. Kazi hii nilijifunza nusu Dortmund na nusu Dar es Salaam, kupitia shahada ya uzamili ya SPRING, ambayo chuo cha Dortmund kiliianzisha mwaka 1984 na Chuo Kikuu Ardhi ni mmoja wa washirika wake: mwaka wa kwanza unausoma kule, wa pili kwa mshirika. Tangu hapo nimeendelea kulifuatilia Bonde la Ruhr kwa sababu ya swali moja la kitaaluma. Miji isiyoaminiana sana inawezaje kumiliki kitu pamoja? Nimeliangalia swali hilo kwenye reli, kwenye maji, kwenye ardhi ya viwanda vilivyokufa. Vyuo vikuu ndivyo vilivyonipa jibu lililo wazi zaidi, na jibu lenyewe ni kwamba hushirikiana vizuri pale ambapo hakuna aliyeombwa avue jina lake, na pale tu ambapo kazi yenyewe haifanyiki na mmoja peke yake.

Tuanze na mahali. Bonde la Ruhr lina wakazi wapatao milioni 5 katika miji na manispaa 53, wala halina makao makuu. Dortmund, Essen, Duisburg na Bochum ndiyo miji mikubwa, na kila mmoja una meya wake, ukumbi wake wa maonyesho na kumbukumbu zake za machimbo. Ukipita barabara kuu ya A40 kutoka Duisburg hadi Dortmund, kilomita 50 na ushei, huoni mahali mji mmoja unapokoma na mwingine kuanza; unasoma vibao tu. Watu hulala mji huu wakafanya kazi mji ule. Lakini kodi za biashara, bajeti na kura hufuata mipaka ambayo macho hayaioni.

Na kwa muda mrefu sana eneo hilo halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Duisburg ilikuwa nacho tangu mwaka 1655, kidogo na maskini, hadi Prussia, dola iliyotawala eneo hilo, ilipokifunga mwaka 1818, mwaka uleule ilipoanzisha chuo kikuu cha Bonn. Sehemu ya maktaba ya Duisburg ilihamishiwa huko. Ikapita karibu karne moja na nusu. Katika muda huo Ruhr ndiyo iliyochimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma kilichoijenga Ujerumani ya viwanda, ila mtoto wa mchimba makaa aliyetaka elimu ya juu alilazimika kwenda Bonn, Köln, Münster au Aachen. Wengi hawakwenda.

Mambo yalibadilika makaa yalipoanza kuyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu watu nusu milioni walikuwa wakifanya kazi migodini, kisha kuanzia mwaka 1958 mafuta na makaa ya bei nafuu kutoka nje yakaanza kuifunga migodi mmoja baada ya mwingine. Serikali ya jimbo ikaona elimu ni sehemu ya dawa. Bochum ikafungua milango mwaka 1965, chuo kikuu cha kwanza kabisa kuanzishwa upya katika Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani, majengo ya zege yaliyopangwa juu ya vilima vya Querenburg. Dortmund haikukubali kubaki nyuma: chuo chake kilifunguliwa mwaka 1968. Mwaka 1972 Essen na Duisburg nazo zikapata vyao. Katika miaka saba tu, ukanda unaovukwa kwa treni ndani ya saa moja ulikuwa umetoka kwenye sifuri ukafika vyuo vinne.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kila mji ulitaka chuo kilichokamilika, chenye wahandisi, wanauchumi, walimu na wanakemia wake. Kwa hiyo masomo yaleyale yakarudiwa hapa na kule. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hilo si tatizo, na mimi huwatetea waliofanya hivyo, kwa sababu watoto wa wachimbaji walihitaji chuo kilicho karibu na nyumbani. Tatizo liko kwenye utafiti. Idara ndogo nne za fani moja haziwezi kununua mtambo mkubwa ambao idara moja kubwa ingeununua, wala hazionekani mbele ya mtu anayegawa fedha kutoka Berlin au Bonn.

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa kuunganisha. Tarehe 1 Januari 2003, kwa sheria ya jimbo, vyuo vya Duisburg na Essen vikawa chuo kimoja: Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen. Duisburg ilipinga kwa nguvu. Chuo chake tangu mwaka 1994 kilibeba jina la Gerhard Mercator, mchoraji ramani aliyeishi mjini humo na kuichora hapo ramani yake mashuhuri ya dunia ya mwaka 1569, na jina hilo likaondoka kwenye lango. Kisha ikaja kazi ya kugawana. Fani za lugha na falsafa zikaenda Essen, kemia na biolojia Essen, fizikia Duisburg, sayansi za jamii Duisburg. Maprofesa walihamisha maabara, wanafunzi wakajikuta kozi zao zimehamia mji wa pili. Kwenye masomo ya uchumi na biashara muungano haukufika mwisho hata kidogo: mpaka leo kuna kitivo kimoja Essen na kingine Duisburg, ndani ya chuo kilekile.

Sisemi muungano ule ulikuwa kosa. Leo Duisburg-Essen ni moja ya vyuo vikubwa vya Ujerumani, na hospitali yake ya Essen ina heshima kubwa katika saratani na upandikizaji wa viungo. Ninachosema ni kwamba majirani waliutazama na kujifunza bei yake. Baada ya mwaka 2003, yeyote aliyependekeza kuunganisha Bochum na Dortmund alijua anapendekeza miaka mingapi ya kuhamisha samani na kugombea majina. Njia nyingine ilitakiwa.

Na msukumo ulikuja kutoka nje, kwa njia chungu. Mwaka 2006 Ujerumani ilianza kutangaza washindi wa mashindano makubwa ya ubora wa vyuo vikuu, mashindano yenye fedha nyingi kwa wachache. Raundi ya kwanza walitwaa vyuo vikuu viwili vya Munich na kile cha Karlsruhe, vyote vya kusini. Mwaka 2007 walifuata Aachen, Chuo Huru cha Berlin, Freiburg, Göttingen, Heidelberg na Konstanz. Bochum ilifika fainali ikaondoka mikono mitupu. Konstanz ni mji mdogo kando ya ziwa. Ruhr ina watu milioni 5. Vita vya panzi, neema ya kunguru: miaka arobaini ya miji kutunishiana misuli ilikuwa imewaacha wote wakiwa wadogo mbele ya waamuzi.

Jambo la pili lilikuwa la kisheria, na huwa halitajwi vya kutosha. Kuanzia Januari 2007 sheria mpya ya jimbo ilivipa vyuo vikuu uhuru mkubwa zaidi. Kabla ya hapo vilikuwa karibu sawa na idara za serikali. Baada ya hapo vikawa na uwezo wa kuajiri maprofesa wao, kusimamia bajeti yao na kuingia mikataba. Taasisi isiyojimiliki haiwezi kuahidi kitu kwa jirani, kwa sababu kila ahadi yake inasubiri saini ya wizara. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba mwaka huohuo wa 2007 Bochum, Dortmund na Duisburg-Essen vilianzisha umoja wao, ambao leo unaitwa University Alliance Ruhr. Dortmund mwaka huo ilibadili jina pia, ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi.

Umoja huu si chuo cha nne. Hauna wanafunzi wake, hautoi vyeti, hauna baraza la juu linaloweza kuamrisha vyuo vingine. Kila chuo kimebaki na rekta wake, seneti yake, bajeti yake na nembo yake. Wakuu wa vyuo hukutana, huelewana mambo ya kufanya pamoja, kisha kila mmoja anarudi kuyapitisha kwake. Ukijumlisha, ni zaidi ya wanafunzi laki moja, na hilo linauweka umoja huo katika kundi la maeneo makubwa kabisa ya elimu ya juu Ujerumani. Ila idadi hiyo peke yake haina maana. Watu laki moja waliogawanyika mara tatu ni watu laki moja waliogawanyika mara tatu.

Kilichoufanya umoja ushike ni fedha zenye sharti. Mwaka 2010 Wakfu wa Mercator, wenye makao yake Essen, ulianzisha pamoja na vyuo hivyo kituo cha kugharimia utafiti kiitwacho MERCUR. Sharti lake kuu ni rahisi: mradi lazima uwe wa angalau vyuo viwili kati ya vitatu. Nalipenda sharti hili kuliko tamko lolote la ushirikiano ninalolijua. Profesa wa Bochum mwenye wazo zuri analazimika kuinua simu na kumtafuta mtu Dortmund au Essen ambaye pengine amefanya kazi kilomita 20 kutoka kwake kwa miaka kumi bila kukutana. Wanaandika ombi pamoja. Hata likikataliwa, wameshafahamiana, na mara nyingi ombi la pili wanalipeleka kwa wafadhili wakubwa wa taifa. Sharti halikuwaambia wapendane. Liliwalipa wajuane.

Mfano ninaopenda kuueleza ni wa masomo ya Asia ya Mashariki, kwa sababu hapo urudufu uligeuka kuwa utajiri. Bochum ina kitivo kizima cha masomo hayo, chenye nguvu katika lugha, historia na dini za Uchina, Japani na Korea. Duisburg ina taasisi ya Asia ya Mashariki iliyojengwa kwa njia nyingine kabisa: siasa, uchumi na jamii za leo. Ukiwatazama kwa macho ya mkaguzi wa hesabu utasema mbili ni nyingi, funga moja. Lakini anayesoma maandiko ya Kichina cha kale na anayechunguza soko la nyumba la Shanghai hawafanyi kazi moja, ila wanahitajiana. Vyuo viliwaunganisha chini ya mwavuli wa pamoja uitwao AREA Ruhr, hakuna aliyehama ofisi, na vikapata pamoja upana ambao hakuna kimoja kingeufikia. Mkaguzi yule angeua kimojawapo kwa nia njema.

Kemia inaonyesha upande wa pili, ule wa mitambo na gharama. Mwaka 2012 Bochum ilianzisha, chini ya uongozi wa Martina Havenith, klasta ya utafiti iitwayo RESOLV, kuhusu viyeyusho; klasta ni kundi kubwa la watafiti linalogharimiwa kupitia mashindano yale ya ubora, na hii sasa Bochum na Dortmund wanaiendesha pamoja. Mimi si mwanakemia, lakini swali lao linaeleweka na kila mtu aliyewahi kukoroga sukari kwenye chai. Kwa miaka mingi maji, na viyeyusho vingine, vilichukuliwa kama uwanja tu ambapo molekuli nyingine hucheza. Kundi hili linachunguza namna kiyeyusho chenyewe kinavyoshiriki: kinavyoamua protini ijikunje vipi, mmenyuko uende upesi au polepole, kutu ishike au isishike. Kazi kama hiyo inataka leza za aina ya pekee, kompyuta za kuigiza mwendo wa molekuli, wanakemia wa kutengeneza vitu na wanabiolojia wa kuvipima. Hakuna chuo kimoja cha Ruhr kilichokuwa na wote. Ukiongeza taasisi za utafiti za Max Planck zilizo jirani, ikiwemo ile ya Mülheim iliyoanzishwa mwaka 1912 kuchunguza makaa na ambayo imetoa washindi wawili wa Nobel, Karl Ziegler mwaka 1963 na Benjamin List mwaka 2021, unapata kundi ambalo Munich inalazimika kulitazama. Jengo lao la utafiti, ZEMOS, lilifunguliwa Bochum mwaka 2016. Klasta imehuishwa mara mbili, mara ya mwisho mwaka 2025.

Kwa jicho la mpangaji, cha kuangalia hapo ni jengo. Limejengwa Bochum, mji ulioshinda mwaka 1961, na Dortmund ikakubali. Kwa nini? Kwa sababu Dortmund ina vya kwake ambavyo wengine huvifuata: kwa mfano mtambo wa DELTA, kichapuzi cha elektroni chenye mzunguko wa mita 115, ambao watafiti wa vyuo jirani hupimia vifaa vyao. Kuna pia kitivo cha takwimu cha Dortmund, cha pekee katika nchi zinazozungumza Kijerumani, na kitivo cha mipango ya miji na mikoa ambacho ndicho kilinifundisha mimi. Majirani hukubali mwenzao apate pale wanapokuwa na hakika kwamba zamu yao ipo, na kwamba mlango wa kitu kilichojengwa kwa jirani hautafungwa usoni mwao. Hakikisho la kwanza ni la kisiasa. La pili linahitaji mikataba ya kuchosha: nani anapata saa ngapi za mtambo, nani analipa fundi, data ni ya nani. Wanasheria wa vyuo hawapigwi picha siku ya uzinduzi, lakini kazi hii ni yao.

Kuna ushirikiano mwingine wa Ruhr wa zamani kuliko mikataba yote hiyo, nao ulizaliwa kwa kunyang'anywa. Bochum ilipokuwa changa, mafunzo yake ya udaktari yalitegemea hospitali kubwa ya Essen. Mwaka 1972 Essen ilipopata chuo chake, hospitali ikabaki Essen. Bochum ikawa na wanafunzi wa udaktari bila hospitali ya chuo. Kujenga mpya kungegharimu fedha zisizokuwepo, na eneo lenyewe lilikuwa limejaa hospitali: za mashirika ya kanisa, za mfuko wa bima wa wachimba makaa, na Bergmannsheil, hospitali ya ajali iliyofunguliwa mwaka 1890 kwa ajili ya wachimbaji, ya kwanza ya aina yake duniani. Bochum ikaingia mkataba nazo. Wamiliki wakabaki walewale. Wodi zikawa za kufundishia, mabingwa wakawa maprofesa. Mpango huo bado unaendelea, na kundi hilo sasa linafika hadi kituo cha moyo cha Bad Oeynhausen, nje kabisa ya Ruhr.

Wapangaji wengi wa vyuo, hasa katika nchi zenye fedha chache, huamini kitivo cha tiba hakiwezekani bila kujenga hospitali mpya ya rufaa. Bochum ni ushahidi wa miongo kadhaa kwamba kinawezekana. Ugumu wake upo: hospitali moja ikibadili mmiliki au ikifunga wodi, chuo kinabaki kuhangaika, na kukubaliana viwango vya ufundishaji na wamiliki wengi ni kazi ya kila mwaka. Hata hivyo daktari anayefunzwa Bochum anaona wagonjwa wa kawaida katika hospitali za kawaida, na nadhani hiyo ni faida kubwa.

Kwa wanafunzi, ushirikiano unaonekana kwa njia ndogo zaidi. Aliyesajiliwa Bochum anaweza kuomba kusikiliza kozi na kufanya mtihani Dortmund au Duisburg-Essen bila kulipa ada ya pili, na alama zikahesabiwa nyumbani iwapo idara yake imekubali. Jimbo lilifuta ada ya masomo mwaka 2011, kwa hiyo wanafunzi hulipa mchango wa muhula tu, na ndani ya mchango huo kuna tiketi ya usafiri. Tangu mwaka 2024 tiketi hiyo inafanya kazi Ujerumani nzima kwenye treni na mabasi ya kawaida. Treni ya S1 inasimama chini ya chuo cha Dortmund, inapita Bochum, Essen na Mülheim hadi Duisburg. Dortmund wana hata treni inayoning'inia juu ya miti, inayounganisha kampasi mbili tangu mwaka 1984.

Ningependa kusema wanafunzi hufurika kutoka chuo hadi chuo. Hawafuriki. Saa za vipindi hazilingani, treni huchelewa, na mwanafunzi anayefanya kazi ya kibarua jioni hawezi kupoteza saa moja na nusu njiani kwa kozi moja. Wanaovuka kweli ni wale ambao kozi zao zimepangwa tangu mwanzo zivuke. Shahada ya uzamili ya ekonometriki ya vyuo vyote vitatu ni mfano mzuri, kwa kuwa ratiba yake inajua mwanafunzi atakuwa mji gani siku gani. Shule ya uzamivu ya uchumi ya Ruhr, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni mfano wa zamani zaidi: wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vyote hukusanywa darasa moja kwa kozi za msingi, halafu kila mmoja hurudi kwa msimamizi wake. Somo ambalo lina watahiniwa wanne kila chuo linapata darasa la watu kumi na wawili, na mjadala unakuwa mjadala. Ningekuwa na sauti kule, ningeweka nguvu zote kwenye programu za namna hiyo na kuacha kuhesabu kozi zilizo wazi kwa kila mtu ambazo hakuna anayezivukia mji.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuja baada ya makaa kuisha kabisa. Mgodi wa mwisho wa Ruhr, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Serikali ya jimbo iliitisha mfululizo wa mashauriano kuhusu mustakabali wa eneo, na mwaka 2021 likatokea wazo lililotoka kwa vyuo vyenyewe: Research Alliance Ruhr, vituo vinne vya utafiti vya pamoja na chuo kimoja cha sayansi za jamii na utu. Vituo hivyo vinashughulikia afya ya binadamu na mazingira yake kwa pamoja, kemia endelevu, data na usalama wake, na vifaa vya nishati ya baadaye. Jimbo lilitoa euro milioni 75 za kuanzia, na mpango ulitaja hadi nafasi 50 mpya za uprofesa.

Nafasi hizo ndizo muhimu. Mradi huisha baada ya miaka mitatu, na wafadhili wakiondoka watu hutawanyika. Profesa hukaa miaka ishirini na tano. Katika mpango huu profesa anaajiriwa na chuo kimoja, analipwa pensheni na chuo hicho, anafundisha hapo, lakini kituo chake cha utafiti ni cha wote watatu. Maana yake kamati ya kumchagua ina watu wa vyuo vingine, na mada yake inapangwa ili isigongane na ya mtu aliyeko mji wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu 1961, vyuo vya Ruhr vinaamua pamoja nani aajiriwe. Kwangu hilo lina uzito kuliko jengo lolote.

Sasa kuna mtihani, nao unaniuma kidogo kuutazama. Mashindano ya ubora ya Ujerumani yana kanuni: kundi la vyuo linaloomba kutambuliwa kwa pamoja lazima liwe na klasta zisizopungua tatu, na kila chuo kiwe na sehemu yake. Mwaka 2025 klasta zilipotangazwa, Bochum na Dortmund walibaki na RESOLV, Bochum ikabaki na klasta yake ya usalama wa kompyuta, CASA, na Dortmund ikapata klasta mpya ya fizikia ya chembe ndogo pamoja na Bonn na Siegen. Duisburg-Essen haikupata klasta yake. Kwa hiyo Bochum na Dortmund, wale wagomvi wa 1961, wanaomba kama vyuo viwili, na mwenzao wa tatu yuko nje ya ombi. Hakuna aliyemfukuza. Kanuni ya taifa imefanya hesabu yake, na hesabu hiyo haijui kwamba hawa ni watatu.

Hatari ninayoiona ni ya fedha, wala si ya maneno. Ombi likifanikiwa, Bochum na Dortmund watapokea mamilioni kila mwaka kwa mambo ya pamoja ya wawili: utawala wa pamoja, maabara za pamoja, ajira za pamoja. Fedha hizo zitavuta watu na muda. Vituo vinne vya mwaka 2021, ambavyo ni vya watatu, vitabaki vikigombea umakini wa viongozi walewale. Ushirikiano wa watatu utadhoofika kwa kusahauliwa tu, mkutano mmoja ukiahirishwa baada ya mwingine.

Uamuzi umepangwa kutolewa mwaka 2026. Ninachokisubiri zaidi ya matokeo ni kile ambacho Bochum na Dortmund watakiandika kabla ya fedha kufika: kama vifaa vipya vitakuwa wazi kwa Duisburg-Essen kwa masharti yaleyale, kama kamati za ajira zitaendelea kuwa na mjumbe kutoka Essen, na kama MERCUR itabaki na sharti lake la vyuo viwili kati ya vitatu, likiwemo hilo la kwamba wa pili anaweza kuwa yule aliyekosa klasta. Mambo hayo matatu yanaingia kwenye kurasa mbili za mkataba. Yakiandikwa sasa ni rahisi, kwa kuwa hakuna bado wa kupoteza kitu. Yakisubiri mpaka fedha ziwe zimegawanywa, kila ukurasa utahitaji mwaka mzima wa mazungumzo.